Siku Niliyofiwa na Kichuguu

Naomba msinicheke kabla sijafika mwisho. Nikishamaliza chekeni mnavyotaka, maana hapa Kasulu walishacheka wote, mpaka yule muuza vocha wa pale stendi kila akiniona ananiuliza, "Mwalimu, marehemu hajambo?" nami nimeshazoea, namjibu hajambo. Lakini aibu yenyewe haijaisha, huwa inanirudia nikiwa mezani nakula peke yangu, na mimi nakula peke yangu karibu kila siku.

Niwaeleze kwanza kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtu mzima mwenye akili zake alijenga kaburi nyuma ya nyumba ya kupanga. Mimi ni mwalimu wa michezo katika chuo kimoja cha ualimu (jina la chuo nalihifadhi, walishanivumilia vya kutosha), kwetu ni Kumsenga, Kibondo, na katika michezo yote ambayo Mungu angeweza kunipa, akanipa besiboli. Msishangae. Walikuja wageni wakaendesha semina kule Dodoma, chuo kikatakiwa kupeleka walimu wawili, wa mpira wa miguu akasema hana muda na mchezo wa kukimbia ukirudi ulikotoka, wa netiboli alikuwa mjamzito, basi tukaenda mimi na mwenzangu mmoja wa hisabati. Tuliporudi tukagawana kazi: yeye akawa kocha mkuu, anafundisha kupiga kwa gongo na kukimbia, mambo ambayo watu wanapenda kuyatazama, na mimi nikawa kocha wa warushaji.

Kocha wa warushaji ni yule anayekaa pembeni na mtu mmoja. Timu nzima iko kule inapiga kelele, wanakimbizana, wanaanguka, wanachekana, wewe uko kwenye kona ya uwanja na mrushaji wako, unamtazama kiwiko, unamtazama goti, unamwambia tena, anarusha tena, unamwambia sasa pumzisha mkono. Timu ikishinda anabebwa aliyepiga gongo, ikishindwa watu wanauliza nani alikuwa anarusha. Nimeifanya kazi hiyo miaka sasa na naipenda kweli, ila siyo kazi ya kumpatia mtu marafiki. Nilianza na warushaji wanne, wawili wakahitimu wakapangiwa shule za mbali, mmoja akahamia mpira wa miguu (wala hakuniaga), akabaki Bukuru.

Bukuru ni kijana wa kijiji cha Kitanga, huku huku Kasulu, na ni wa mkono wa kushoto. Kwao walimpiga sana aache kula kwa mkono huo, akaacha kula nao, lakini kuwarushia mawe ngedere kwenye mahindi hakuacha, kwa hiyo siku ya kwanza nilipompa ule mpira mgumu wa ngozi aliurusha mpaka mdakaji akavua glovu akakitazama kiganja chake kama bado kipo. Nikajua nimepata mtu. Kuanzia siku hiyo mazungumzo yangu yote ya siku nzima yalikuwa na Bukuru, na yote yalihusu kiwiko.

Sasa, mrushaji wa besiboli hasimami chini sawa na wenzake. Anasimama juu ya mwinuko wa udongo, na huko juu kuna kibao cheupe, anakikanyaga, anajisukuma kwa mguu, anashuka na mteremko huku mkono unaachia mpira. Sisi mwinuko huo tunauita kichuguu, na si uongo, maana udongo unaofaa ni wa kichuguu cha mchwa, huu huu ambao mama zetu wanasiribia sakafu, ukiumwagia maji na kuushindilia hautikisiki. Chuoni tulikuwa nacho kimoja, lakini mahafali yalipokaribia mkuu wa chuo akasema kiondoke, mahema yatasimama pale, na yule mwalimu wa mpira wa miguu akaunga mkono haraka mno. Kikasawazishwa siku hiyo hiyo, na mashindano ya vyuo kule Tabora yalikuwa yamebaki wiki chache.

Ndipo nikafanya uamuzi mdogo ambao mtu yeyote angeufanya. Nikasema nitajenga kingine kwangu, nyuma ya nyumba, mimi na Bukuru tufanye mazoezi kwa amani bila kumbughudhi mtu.

Nyumba yenyewe nimepanga kwa Mzee Shabani, ana duka la vitenge mjini, wazee wake walitokea pwani na Kiswahili chake ukikisikia unaona haya kufungua mdomo. Iko upande wa juu, barabara ya kwenda Kibondo. Humo ndani nilikuwa naishi mimi na redio. Mke wangu Sesilia ni nesi, kituo chake cha kazi ni Lindi, yuko huko na watoto, uhamisho tunauomba kila mwaka na kila mwaka tunaambiwa tusubiri. Majirani wapo, nyumba zimebanana, lakini hapa lazima niseme ukweli: sisi Waha salamu si jambo la kupita nalo mbio, mtu anasimama, anainama, anapiga makofi taratibu, anakuuliza umeamkaje, na wa nyumbani, na mifugo, na wewe unamjibu yote na kumuuliza yake, na mimi kila asubuhi nilikuwa nachelewa mazoezi, nikawa nanyoosha mkono juu na kupita. Mwakeye, mwakeye, nimeshafika kwenye kona. Baada ya muda na wao wakawa wananyoosha mkono tu.

Udongo niliuleta kidogo kidogo kwa viroba, juu ya bodaboda (dereva mmoja alikataa kurudi safari ya pili, akasema mwalimu mimi nabeba watu sibebi milima), nikaulundika nyuma ya jiko. Haukutosha kujenga kichuguu kizima cha duara. Nikasema si lazima, kwa mazoezi inatosha sehemu ya kusimama na sehemu ya kushukia, yaani tuta moja la upana wa mtu na urefu wa mtu na zaidi kidogo. Naona mmeshaanza kunielewa. Ijumaa jioni Bukuru akaja, tukashika majembe, tukashindilia mpaka giza likatukuta, hatukusemezana kwa sababu tulichoka. Kibao nilikuwa nimekipaka rangi nyeupe na ilikuwa bado mbichi, nikakisimamisha wima pale kichwani mwa tuta kikauke. Juu nikafunika majani mabichi ya mgomba ili jua lisije likalipasua. Halafu tukanawa mikono wote wawili kwenye beseni moja, Bukuru akaniaga kwa sauti ya chini, akaenda zake. Mama Neema, jirani yangu wa upande wa pili wa uzio wa minyaa, alikuwa anaanua nguo, akaona yote hayo.

Jumamosi nikaondoka alfajiri kwenda chuoni. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake na simu ilikuwa imezima. Nikarudi mchana, nimechoka, nimebeba begi la mipira, nakunja kona nakuta kwangu kumejaa watu.

Wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya ukingo wa bati, wanawake wako kwenye mikeka, vitenge vimefungwa viunoni, moto umewashwa uani, sufuria kubwa iko juu ya mafiga, na kuni zimepangwa nyingi kuliko nilizowahi kununua maisha yangu yote. Waliponiona wakanipisha njia. Mzee mmoja akainuka akanipokea begi, kwa mikono miwili, polepole. Mama Neema akaniletea kigoda, akanishika bega, akasema, "Kaa mwalimu. Kaa baba. Pole."

Ndugu zangu, niwaeleze desturi. Kwetu mtu haambiwi msiba ghafla akiwa amesimama. Anapokewa mzigo, anaketishwa, anapewa maji, ndipo mtu mzima mmoja anamsogelea na kumwambia taratibu. Kwa hiyo nilijua kinachoendelea: amekufa mtu wangu, taarifa imewafikia wao kwa sababu simu yangu imezima, na sasa wananiandaa. Ni nani? Sesilia? Mtoto? Mama yangu kule Kumsenga, ambaye kila nikipanga kwenda kumwona, Bukuru anakuwa na mechi, na ulikuwa umepita mwaka na zaidi sijamtia machoni? Nikaketi kusubiri mtu mzima anisogelee. Hakunisogelea mtu. Nilimtazama huyu akatazama chini, nikamtazama yule akatikisa kichwa kwa huruma, na machozi yakaanza kunitoka, nikalia mbele ya watu kwa sauti kabisa, na wanawake waliponiona nalia wakanipokea kwa kilio chao.

Lakini hawa nao walikuwa wanasubiri. Walikuwa wananisubiri mimi! Maana desturi ina upande wake wa pili, mfiwa naye haulizwi nani amekufa, anaachwa alie, akipata nguvu atasema mwenyewe. Basi tukakaa hivyo, watu wazima zaidi ya thelathini, kila upande unaheshimu upande mwingine, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua tunamlilia nani.

Mama Neema alikuwa amechukua simu yangu kuitia chaji kwenye sola yake, akanirudishia ikiwa imewaka. Nikampigia Sesilia, inaita haipokelewi (alikuwa zamu, lakini pale mimi nikajua basi, ndiye). Nikampigia mdogo wangu Andrea kule Kumsenga. Akapokea. Mtandao unakatika, na mimi nalia, nikasema, "Kuna msiba huku Kasulu... watu wamejaa nyumbani kwa mwalimu Gervas... niambieni..." nilikuwa nataka kumwambia niambieni kama wananilia mimi au nani, na hapo simu ikazima. Sijui kwa nini nilijitaja jina langu namna ile, nafikiri nilikuwa sijihesabu tena kuwa ni mimi. Kumbukeni simu hiyo, mimi niliisahau.

Mama Neema akanisogelea. Nikajua sasa ndiyo saa yenyewe, nikafumba macho. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, tumekuja kukaa na wewe. Ila umetukosea. Unazikaje peke yako usiku, na kijana mmoja tu? Hata kama ni kitoto kichanga, sisi tusingeshika majembe? Tuna mikono gani mibaya?"

Nikafumbua macho nikatazama anakotazama. Kwenye tuta langu, juu ya majani ya mgomba, kulikuwa na maua ya njano yamepangwa vizuri, na mawe meupe pembeni, na kibao changu kimesimama kichwani, na watoto wawili wanakemewa wasipite karibu.

Furaha iliyonijia siwezi kuieleza. Hakuna aliyekufa! Sesilia yuko zamu, mama yuko shambani, watoto wako salama. Kicheko kikanipanda, nikakikamata kwa viganja viwili usoni, mabega yakawa yanatikisika, na wale watu wa Mungu wakaja wakanizunguka, mmoja akasema, "Lia baba, usijizuie." Hapo hapo ndipo ningesema. Sentensi moja tu ingetosha, jamani samahani, lile ni tuta la mchezo. Na nilikuwa nimeshafungua mdomo, nawaapia, lakini mwanamke mmoja akaniwekea beseni la maji ninawe, na mwingine akaniwekea mbele ugali wa muhogo na samaki wa migebuka wa nazi na maharage.

Sikuwa nimepikiwa chakula tangu likizo ya mwaka wa nyuma. Nikasema moyoni, ngoja wale kwanza, ni dhambi kuwavurugia watu chakula, wakishakula nitawaambia. Nikala. Nikaongezwa, nikala tena. Na wao wakaanza kunizungumzisha, taratibu, kama mfiwa anavyozungumzishwa ili asizame. Mzee Kagoma, mwenyekiti wetu wa mtaa, akavuta kiti karibu yangu, akanishika mkono, akanisimulia mkewe alivyofariki na jinsi alivyokuwa anasikia sauti ya mwiko jikoni ilhali jikoni hakuna mtu, na akaniambia itanichukua muda lakini nitazoea. Nikamwambia kwamba na mimi nyumba hii inanitisha kwa ukimya. Hilo halikuwa uongo. Nikamwambia mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu, jinsi ninavyoacha redio inaongea nikitoka ili nikirudi nikute sauti, na mzee wa watu akawa anaitikia tu, "Ego, ego." Siku ile nikajua majina ya majirani zangu wote. Nikajua nani anaumwa mgongo, nani mwanawe yuko jeshini, nani anafuga nyuki. Saa zikaenda, kila nikitaka kusema naona kiti kingine kinasogezwa karibu, na naona nikisema viti hivi vyote vitaondoka.

Jioni akaja Mzee Shabani. Alikuwa amevaa kanzu safi na ameambiwa habari akiwa dukani. Akanipa mkono wa pole, akamwombea marehemu rehema, akaenda nyuma ya nyumba akalitazama tuta, akarudi, akasimama mbele yangu.

"Mwalimu, bwana wangu," akasema, "msiba ni wetu sote. Lakini kiwanja hiki mimi nimekijengea nyumba, sikukijengea makaburi. Unamlaza mtu katika ardhi ya mwenzio pasipo hata kubisha hodi?"

Watu wakaguna. Mama Neema akasema si wakati wake, Mzee Shabani akasema wakati wake ni upi, na Mzee Kagoma ikabidi ainuke, kwa sababu ni mwenyekiti, na mtu kuzikwa mtaani bila serikali ya mtaa kujua ni jambo litakalomwangukia yeye. Aliuachia mkono wangu. Akaniuliza, kwa heshima zote, "Mwalimu, tumekuacha ulie. Sasa inabidi utuambie. Pale amelala nani?"

Wote wakanigeukia, hata kuku nadhani. Nikasema, "Hajalala mtu."

"Unasemaje?"

"Pale hakuna mtu, mzee. Pale ni pa kusimama. Ni pa kurushia mpira."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka! Wakatazamana kwa huruma kubwa zaidi ya mwanzo, na Mama Neema akashika kichwa, "Yoo, huzuni imempanda akilini." Nikasema hapana, nina akili zangu, ni besiboli, mrushaji anasimama juu, anakanyaga kibao, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuwa ya mgonjwa, mwanamume mmoja akaanza kunishika kiwiko taratibu anilaze. Nikaona hakuna njia ila waone kwa macho. Nikalichomoa begi, nikatoa glovu na mpira mmoja, nikaenda nyuma ya nyumba kundi zima linanifuata, nikayapiga teke majani ya mgomba na maua yake, nikapanda juu ya kaburi.

Kelele iliyopigwa hapo sitaisahau. Wengine walifunika macho ya watoto.

Kule mwisho wa uwanja nilikuwa nimetundika godoro kuukuu ukutani mwa jiko, ndiyo shabaha. Sasa kuna jambo sijawaambia. Mimi ni kocha wa warushaji lakini kurusha siwezi. Bega langu la kulia lilikufa zamani, nafundisha kwa mdomo tu. Nikainua mguu kama ninavyomfundisha Bukuru, nikashuka na mteremko (kiwiko kilikuwa sawa kabisa, nataka mjue hilo), nikaachia, na mpira haukwenda kwenye godoro, ulikwenda uani, ukaipiga sufuria ya maharage ubavuni, ikapinduka yote motoni, majivu na mvuke vikapanda mpaka juu ya bati.

Wakanikamata. Wanaume wanne, wawili mikono, wawili miguu, kwa upendo kabisa, wananiambia tulia mwalimu, tulia, na mmoja anauliza kama kuna kamba. Hapo ndipo Bukuru akatokea na wenzake watatu wa chuoni, wamesikia msiba, wameshika sukari na majani ya chai. Mzee Kagoma akamvuta pembeni akamuuliza, kijana, wewe ulikuwa naye jana, mlimzika nani? Bukuru akanitazama mimi nilivyolazwa, akalitazama tuta, akasema, "Hatukuzika mtu, mzee. Hiki ni kichuguu chetu cha mazoezi."

Yeye wakamwamini. Lakini Mzee Shabani akasema kuamini ni kuamini na kuona ni kuona, na mwenyekiti akakubali, jembe likaletwa, na Bukuru ndiye aliyelichukua. Alichimba kwa mkono wake ule wa kushoto mbele, hakunitazama, akautoa udongo wote niliouleta kwa viroba, mpaka chini, mpaka kwenye majani ya asili ya uwanja ambayo yalikuwa bado yamelala na mizizi yake haijaguswa. Akaweka jembe chini.

Mzee Kagoma alikuja akasimama mbele yangu. Nilitamani anitukane. Akasema, "Mimi nilikusimulia habari za mke wangu."

Nikamwambia, "Samahani mzee."

"Toka mchana ulikuwa unajua?"

Sikuweza kumdanganya tena, nikamwambia nilikuwa najua. Akatikisa kichwa, akachukua kiti chake cha plastiki, akaenda. Wakaanza kuondoka wote, kila mtu na chake, viti, mikeka, sufuria iliyobonyea, mpaka kuni wakazibeba, na sikuwalaumu. Mama Neema alikuwa wa mwisho, aliosha bakuli zake pale pale, akaniambia bila kuniangalia, "Sasa ukifiwa kweli, mwalimu, utamwita nani?" Akaingia kwake akafunga mlango. Bukuru alitaka kubaki, nikamwambia nenda, kesho pumzisha mkono.

Jioni ile nilikaa kwenye kigoda mahali pale pale waliponiketisha, uani kunanuka maharage yaliyoungua, nikaapa. Niliapa sitajenga kitu kwa udongo tena bila kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani ni nini. Niliapa sitapita mtu bila kusimama, kuinama na kumsalimia hadi mifugo yake. Na niliapa kwamba siku nyingine nikikuta watu wanalia kwangu, swali la kwanza kabla ya kigoda, kabla ya maji, litakuwa nani amekufa. Nikalala na nguo. Umeme ulikuwa haujarudi, na hata redio ilikuwa kimya.

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa nje napiga mswaki nikasikia kilio kinatoka barabarani. Kilio kikubwa, cha watu wengi, kinakaribia. Nikaona Noah inakunja kona, imefungwa matawi mabichi mbele, na madirishani wanawake wametoa vichwa wanalia kwa Kiha, wanataja jina, na jina wanalolitaja ni langu. Ndipo nikaikumbuka ile simu. Andrea alikuwa amesikia sauti ya mtu anayelia, asiyoitambua, kwenye simu ya kaka yake, inamwambia kuna msiba Kasulu kwa mwalimu Gervas. Akapiga tena, simu imezima. Wangefikiri nini kingine? Wakakusanyana, wakakodi gari, wakaja kuchukua maiti.

Mlango wa gari ukafunguliwa, akashuka mama yangu. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni na kanga kichwani, hana viatu, sauti imemwisha. Akaniona nimesimama na mswaki mdomoni. Akaja polepole, akanishika mashavu, akanishika masikio, akalishika bega langu bovu na kuliminya mpaka nikapiga kelele, ndipo akaamini. Akanizaba kofi moja, akanikumbatia, halafu akakaa chini pale pale kwenye vumbi. "Nimelia kutoka Kibondo," akasema. "Njia nzima nilikuwa najiuliza mara ya mwisho nilikuona lini, nikawa sikumbuki." Na mimi nikakaa chini karibu naye.

Wale wengine walikuwa bado wanalia, sasa kwa furaha, na kilio cha furaha na cha msiba kwetu ukikisikia kutoka ndani ya nyumba huwezi kuvitofautisha. Mtaa mzima ulikisikia. Niliutazama mlango wa Mama Neema. Niliutazama wa Mzee Kagoma. Pazia moja lilisogea kidogo, mtu akachungulia, likarudi mahali pake.

Andrea akamletea mama maji. Akanywa, akajipangusa, akainua macho akaitazama ile barabara, nyumba kwa nyumba, huku na huku, kwa mshangao wa mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuona kilio kikakosa wa kukipokea.

"Gervas," akaniuliza, "tumelia tangu kule njiapanda, hajatoka hata mtu mmoja. Huku unakoishi hakuna watu?"

"Wapo, mama," nikamwambia. "Walikuja jana."